Aliyelala Kando ya Ziwa Misimu Yote

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wa hifadhi, na ninyi nyote mliopanda kilima hiki pamoja nasi: familia imeniomba mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu. Nitajitahidi kufupisha. Yeye mwenyewe hakuwa na subira na hotuba. Akimwona mgeni rasmi anafungua karatasi ya pili, alikuwa anainuka taratibu na kuanza kukunja mahema.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba yetu alikuwa fundi wa turubai. Alishona vifuniko vya malori kwa cherehani nzito ya miguu iliyotikisa ukuta mzima, na sote tulijifunza kulala katika kelele zake. Mama yetu alikuwa mkunga. Alikuwa akisema kwamba huyu wa kwanza alitoka macho wazi, akamtazama mwanamke aliyempokea kana kwamba anamuuliza amechelewa wapi.

Akiwa bado hajaanza hata shule, alichukua kipande cha turubai kilichobaki kazini, akakifunga baina ya kamba ya kuanikia nguo na ukuta wa jiko, akaingia humo na blanketi lake. Jioni ile ikanyesha. Mama akatoka mlangoni akaita, "We mtoto, hebu ingia ndani!" Sauti ikajibu kutoka chini ya turubai, "Mama, si nimo ndani." Baba alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Mama hakucheka. Alisimama pale akimtazama, mvua ikimrukia miguuni. Miaka mingi baadaye alituambia kwamba jioni ile ndipo alipojua kuwa mtoto huyu bati halitamweka.

Elimu ya msingi aliipata katika shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara ya nyumbani, kisha akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana, ambako alijiunga na skauti. Akiwa kidato cha pili, mwalimu wa jiografia aliwapeleka ziwani kwa mara ya kwanza. Walipiga kambi pale, wakapima upepo, wakachora ramani ya ufuko. Alirudi likizo akiwa mweusi kwa jua na mkimya kuliko kawaida yake. Tukiwa mezani akasema, "Maji yale yanapumua."

Baba akamwambia, "Hayo yanaitwa mawimbi, binti yangu."

"Si mawimbi, baba. Niliweka jiwe ukingoni asubuhi, pakavu kabisa. Mchana lilikuwa ndani ya maji. Na upepo haukuwepo."

Mama aliweka kijiko chini. "Usirudi huko," alisema.

Alirudi. Baada ya kumaliza masomo alikwenda chuo cha ualimu, akasomea michezo, akafundisha shule mbili kwa miaka kadhaa. Wanafunzi wake wa siku zile, ambao baadhi yao nawaona hapa wakiwa na mvi, wanamkumbuka kwa kuwatoa nje ya uwanja na kuwapeleka porini. Mkuu wa shule ya pili alimwambia wazi kwamba anahitaji mwalimu wa michezo, si kiongozi wa msafara. Dada yetu akaona amepewa ruhusa ya kuondoka.

Tarehe 1 Juni 1983 aliajiriwa na hifadhi ya ziwa kama msimamizi wa kambi. Siku hizo kambi ilifunguliwa kiangazi tu. Watu walikuja mwisho wa wiki, wakaogelea, wakachoma nyama, wakaacha mifuko yao ikining'inia kwenye miti, wakaenda zao. Marehemu alimfuata mkuu wa hifadhi ofisini akamwambia kwamba ziwa si duka la kufungwa msimu ukiisha. Mkuu akamuuliza, "Nani huyo atakayekuja kulala kwenye tope?" Akajibu, "Watakuja. Tope halijaua mtu."

Na wakaja. Kiangazi aliwapokea wenye familia, waliofika na magodoro juu ya gari na mabibi wasiotaka kabisa kuja. Masika aliwapokea vijana waliotaka kujua kusimamisha hema katika mvua, kuchimba mfereji wa kuepusha maji, na kuwasha moto kwa kuni mbichi bila kutukanana. Kipupwe, ukungu ukiwa mzito mpaka gati halionekani, walikuja wastaafu na darubini zao kutazama ndege, wamejifunika mablanketi kama wagonjwa waliotoroka wodini. Vuli ilikuwa ya shule. Hao aliwapenda kuliko wote, na ndio waliomwita Kapteni, kwa sababu ya kofia yake na ile sauti ambayo mkuu wa hifadhi alisema imemwokolea betri nyingi za kipaza sauti.

Masharti yake kila aliyepita kambini anayajua. Usilaze kichwa upande wa mteremko unakoshukia. Usiingie majini peke yako, hata kunawa. Na hema lisifungwe kwenye njia ya viboko, hata kama nyasi zimelala vizuri kama zulia, kwa sababu aliyezilaza atarudi. Mgeni mmoja alimuuliza kwa dharau kama kiboko ana hatimiliki ya njia ile. Akamjibu, "Hana. Ndiyo maana hatakuonyesha karatasi, atakupitia tu." Yule bwana alihamisha hema.

Ziwani ndipo alipompata mume wake. Alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu mpole, maneno yake ya kupimwa kwa kijiko, na watu wote walimwita Fundi tu. Siku waliyokutana, dada yetu alimpelekea mashine iliyozimika katikati ya maji na wageni ndani.

"Imekufaje?" alimuuliza.

Fundi akaigeuza huku na huku. "Haijafa. Imesusa."

"Sasa?"

"Tuibembeleze."

Dada alikuwa akisema kwamba alikuwa amechumbiwa na wasemaji wawili kabla yake, na hakuna aliyemwambia jambo la maana kama lile. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, na sherehe ikafanyika kambini, chini ya turubai kubwa aliyoishona baba kwa mkono wake. Wageni wote walilala kwenye mahema. Asubuhi mama mkwe wake alitoka ameshika kiuno akatangaza, "Mwanangu kapata mke, mimi nimepata mgongo." Tangu siku ile mama mkwe na mkwe wakawa chanda na pete. Walipigiana hadithi, walisukana, na mtu akimtafuta mmoja alimkuta kwa mwenzake. Mungu aliwajalia marehemu na mumewe watoto wawili, binti kwanza, kisha mvulana. Walikulia katika nyumba ya wafanyakazi iliyokuwa chini kidogo ya lango la kambi.

Sasa naomba niseme juu ya maji, kwa maana maisha ya dada yetu hayasimuliki bila kuyataja.

Mwaka 2010 mvua za masika zilipokwisha, ziwa halikurudi mahali pake. Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Ubao wa mwisho wa gati ulikuwa chini ya maji, watoto wakaufanya wa kurukia. Msimu uliofuata ubao wa pili ukazama, na uwanja wa mahema uliokuwa karibu na ufuko ukawa laini, vigingi vinashika asubuhi na jioni vinang'oka vyenyewe. Kisha miti ya ufukweni ikaanza kufa ikiwa imesimama. Ilipukutisha majani yote ikabaki hivyo, myeupe, katikati ya maji, na ndege waliokuwa wakilala humo wakahama. Wataalamu walikuja na vipimo vyao wakasema mengi, na mengine yalikuwa kweli, lakini hakuna aliyeweza kusema litasimama wapi. Dada yetu naye hakujua. Alihamisha mahema juu, basi. Kila msimu alihamisha juu zaidi.

Maji yalikuja na wenyewe. Viboko walioachwa bila malisho walitafuta njia mpya, na njia hizo zikapita kambini. Mamba, ambao zamani walikaa upande wa pili kwenye matete, wakaanza kuonekana karibu na sehemu ya kuogelea. Dada akafunga uogeleaji, akazungusha maboya ya rangi ya chungwa kuonyesha mwisho wa kina cha magoti. Nilimtembelea wakati huo. Tulikuwa tumekaa kibarazani kwake tukinywa chai, na pale nilipozoea kuona uwanja wa mpira wa watoto niliona maji yametulia, nguzo za goli zimechomoza tu. Nikamwambia, "Dada, mbona hamhami?" Akasema, "Tunahama kila siku, huoni?" Akacheka. Mumewe hakucheka. Alikuwa anatazama zile nguzo, na kikombe chake kilipoa bila kuguswa.

Tarehe 9 Julai 2013 ilikuwa siku ya kipupwe, yenye ukungu asubuhi. Kulikuwa na kundi la wanafunzi wa shule ya msingi kambini, na mwalimu mmoja tu, msichana aliyeajiriwa mwaka ule ule. Watoto walikuwa ufukweni wamevaa jaketi okozi, maji yakiwafika magotini, wanajifunza kushika kasia. Boya moja likakatika kamba, likaanza kwenda. Fundi akapanda boti ya mashine kulifuata. Boti ya pili ilikuwa nchi kavu, mashine yake imefunguliwa, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anaitengeneza.

Alilifikia boya. Ukungu ulikuwa umeinuka, na kila mtu ufukweni alimwona akilivuta ndani. Kisha mashine ikazimika. Chini ya maji pale ulikuwa umezama uzio wa zamani wa hifadhi, waya na nguzo zake, na waya ukawa umeishika propela. Alijaribu kuinua mashine, ikakataa. Akavua shati, akashuka majini kuuondoa waya, kama alivyowahi kufanya mara nyingi mahali pengine.

Dada yetu alipoona anakawia kupanda tena botini, aliita kituo cha walinzi kwa redio. Boti ya walinzi ilikuwa ng'ambo, wakasema wanakuja. Ufukweni ulikuwepo mtumbwi wa kujifunzia watoto.

Yule mwalimu yuko hapa nasi leo, na ameturuhusu kueleza yaliyopita baina yao. Alimwambia marehemu, "Kapteni, chukua mtumbwi uende, mimi nitabaki nao." Marehemu alimtazama, akaona anavyohesabu na kukosea, akawatazama watoto, ambao tayari wengine walikuwa wanapiga hatua mbele ili waone vizuri. Na walinzi walikuwa wamemwambia sasa hivi redioni kwamba asubuhi ile wamemwona mamba karibu na miti iliyokufa.

"Nikienda," alisema, "watanifuata."

Akapuliza filimbi. Akawageuza watoto wote migongo ikitazama ziwa, akawatoa majini, akawapandisha uwanjani, akawaanzishia mchezo. Mchezo ule ule wa kukimbizana unaochezwa kambini kila vuli. Aliwachezesha, akawaimbisha, akawachekesha, na mwalimu anasema kwamba wakati wote huo macho ya Kapteni yalikuwa juu ya vichwa vyao, yanatazama maji. Aliendelea mpaka basi la shule lilipokuja kuwachukua. Mtoto wa mwisho alipopanda, alimpungia mkono. Ndipo aliposhuka ufukweni.

Boti walinzi waliikuta imetulia, boya limo ndani, shati limewekwa juu ya kiti. Fundi hawakumpata siku ile. Walimtafuta, na jamaa wengi mliopo hapa mlishiriki kumtafuta, mpaka mkuu wa hifadhi akatuita akatuambia kwa upole tunachokijua. Ziwa halikumrudisha. Mama yake aliamuru tupange mawe juu ya kilima hiki, katika shamba la familia yao, mahali ambapo pangekuwa kaburi lake. Mnayaona mawe yale pale kushoto. Chini yake hakuna mtu.

Watu wana midomo. Ilisemwa kwamba mke gani huyo anayecheza na watoto wa watu huku mumewe anazama. Ilisemwa sokoni, ilisemwa kwenye foleni ya maji, na wengine waliisema mbele ya watoto wake. Dada yetu hakujibu. Alijikaza. Lililomkata maini ni kwamba mama mkwe wake aliacha kusema naye. Hakumfukuza wala hakumtukana, alinyamaza tu. Dada akipanda kilima hiki kumjulia hali, mama aliwekewa kiti chake uani akakaa amegeukia upande mwingine, na dada alikaa kidogo, akaacha alichomletea, akashuka.

Wengi tulidhani ataondoka ziwani. Mimi mwenyewe nilimwambia aje akae nami, nyumba ya baba ilikuwa na nafasi. Alikataa. Aliendelea na kambi, masika, kipupwe, vuli, kiangazi, na hakuruka msimu hata mmoja. Maji yakafika nyumba ya wafanyakazi, yakaingia mlango wa nyuma, akahamia kwenye hema na akaishi humo. Yakafika lango, na leo mkitoka hapa mtazame chini mtaliona paa lake. Kila asubuhi alitembea ukingoni, polepole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Wageni walidhani anakagua usalama. Sisi tulijua anakagua nini, na hakuna aliyethubutu kumuuliza angefanya nini siku akikiona.

Wakati mwingine aliingia majini. Yeye aliyewakataza watu wote alikuwa akiingia mpaka kiunoni, akapapasa chini kwa miguu pale uzio ulipopita. Mwanawe wa kiume alimkuta hivyo mara moja. Akamwita, naye akatoka, nguo zinachuruzika, akaenda kuwasha moto wa chai. Baada ya hapo kijana hakukanyaga tena kambini. Hatumlaumu.

Mwanzoni mwa mwaka jana marehemu alianza kulalamika tumbo. Alisema ni vumbi la uzee. Lakini tumbo likaanza kujaa na miguu kuvimba, huku mwili wenyewe unapukutika, na siku moja akiwafundisha vijana kufunga kamba alitapika damu. Binti yake, ambaye wakati huo alikuwa muuguzi, alimbeba akampeleka hospitali ya mkoa. Daktari alisema ni kichocho cha muda mrefu, kimeliharibu ini, na tumboni mmejaa maji.

"Mama, umewahi kuogelea ziwani?" daktari alimuuliza.

"Niulize nimetoka lini," alijibu, na wauguzi wakacheka, kwa kuwa hawakujua.

Walimtoa maji tumboni, yakarudi. Wakamtoa tena, yakarudi tena. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda mara ya tatu, akaona ninavyotazama lile tumbo. Akaniambia, "Unakumbuka uwanja wa mpira?" Nilitoka nje, nikasimama kwenye ujia wa wodi nikishika tama.

Alipoona nguvu zinakwisha alitutuma tumwite mama mkwe wake. Tuliogopa. Mama ana miaka tisini, na alikuwa hajasema na mkwe wake tangu mwaka ule. Lakini alipoambiwa aliomba viatu vyake, akashuka kilima akishikwa mikono na wajukuu, akaja. Ilikuwa mchana, dirisha la wodi limefunguliwa. Alikaa kwenye kiti, fimbo yake mapajani, na safari hii hakugeukia pengine.

Dada yetu alisema, "Mama, kuna neno sijamwambia mtu. Alinyoosha mkono. Alipokuwa majini, alinyoosha mkono mara moja. Walinzi waliponiuliza nilisema sikuona. Niliona. Na mtumbwi ulikuwepo. Nilikuwa na watoto wa watu, nikawageuza migongo, nikaendelea kuwaimbisha."

Binti yake alifunika uso. Mama mkwe aliiweka fimbo yake sakafuni.

"Nilijua," alisema. "Yule mwalimu alikuja kwangu mwezi ule ule. Alinieleza yote, na mkono alinieleza. Unadhani nilinuna kwa sababu hukwenda? Ungekwenda ningezika wawili, na wale watoto mama zao wangezika nao."

"Kumbe nini, mama?"

"Uliwapandisha watoto wa watu kwenye basi, ukarudi ukingoni, ukakaa huko. Mimi nilikuwa juu kule peke yangu na msiba. Ukipanda, unaleta sukari, unakaa kama mgeni. Hukuja kulia na mimi. Hata siku moja hukuja kulia na mimi."

Dada yetu, ambaye tangu tarehe ile hatukuwahi kuona chozi lake, alilia. Mama mkwe alisogeza kiti, akapanda kitandani mzima mzima na viatu vyake, akamkumbatia. Muuguzi alikuja kusema haviruhusiwi, akaona, akafunga pazia. Walilia humo mpaka chai ya saa kumi ikaletwa, na walipofunguliwa pazia, mama alikuwa anamlalamikia kwamba godoro lenyewe la hospitali, afadhali yale mahema.

Aliishi majuma machache baada ya hapo, na mama alikuja kila alipoweza. Walipigiana hadithi. Siku moja binti yake alimuuliza angependa alazwe wapi, kwa kuwa wengi tulidhani atataka ufukweni. Alijibu upesi, kama mtu aliyekwisha kulifikiri jambo hilo. "Juu," alisema. "Juu kabisa. Lile limekula vya kutosha." Mama mkwe akasema, "Kuna nafasi kando ya mawe. Niliiacha wazi, sikupanda kitu."

Marehemu alifariki dunia tarehe 3 Septemba mwaka huu, saa nane mchana, binti yake akiwa amemshika mkono. Jua lilikuwa kali. Binti anasema neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama mahema yameanikwa yakakauka kabla ya kukunjwa. Aliambiwa yamekauka.

Amemwacha binti yake, aliyeacha uuguzi mwezi uliopita na sasa ndiye msimamizi wa kambi. Ametuomba tusimseme leo kwa uamuzi huo, na tumeheshimu, ingawa sote tuna la kusema. Amemwacha mwanawe wa kiume, dereva wa lori la masafa marefu, aliyesafiri siku nzima kuwahi hapa. Amewaacha wajukuu watano, wadogo zake watatu akiwemo mimi ninayesoma, na mama mkwe wake, ambaye ameketi mbele yenu pale na ambaye ameomba asishikwe mkono na kila mtu, amechoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mkuu wa hifadhi na walinzi wake, na kila aliyelibeba jeneza kwenye mteremko huu. Tunawaomba mtakaporudi msipite barabara tuliyojia. Tumeletewa habari sasa hivi kwamba maji yameingia pale kwenye kona. Pitieni njia ya shambani, na msichelewe, watoto wapande magari kwanza.

Dada yetu, umelala nje maisha yako yote na hukuwahi kulalamika. Leo tumekutafutia mahali pa juu, kando ya nafasi ya mwenzako. Mungu akupokee. Pumzika kwa amani, mahali pakavu.